Salamu za Edouard kwenye bomba

Bunia, tarehe 9 novemba 2003

Mpendwa Prudent, mujukuu wa Koko na bwana wangu mudogo,

Uko muzima? Unakula? Nasikia wanafunzi wa Kisangani munakunywa chai kavu na kusema mumeshiba. Siye huku tuko. Muguu wangu unauma mvua ikikaribia, lakini ulimi hauna ugonjwa. Mukono unaoandika ni wa dada yako Estelle; nimemukataza kulainisha maneno yangu.

Unasema walimu wako wa mambo ya akili wamegawanyika, na unaniuliza nani wako na haki. Wa kwanza wanasema uchungu wa mutu umezikwa ndani tangu utoto, sharti auchimbe kwa maneno mpaka utoke. Hao ni wachimbaji wa zahabu wa Mongbwalu. Wa pili wanasema acha mashimo, mutu ni mazoea: umuzoeze kitamu, atarudi, umuzoeze uchungu, ataogopa. Hao ni miye na mbuzi wangu na chumvi yake.

Uliuliza pia naota nini, na mama yangu alinilea namna gani. Naota namutwanga jirani yetu Constant kwenye kinu. Mama yangu umwache, yeye hakuuza mutu.

Constant ndiye aliwaonyesha wenye bunduki mulango wa baba yako mwezi wa tano. Walimuchukua Edouard wangu, hatukupata hata mwili. Tangu siku ile nalala chini kwenye mukeka, maana matanga haiishi bila kaburi. Na Constant anateka maji kwenye bomba yetu kama mutu safi.

Nilianza na walimu wako wa pili. Kila asubuhi nagonga bidon yangu ya maji kwa fimbo, halafu namwambia mbele ya wamama wote: “Constant, Edouard anakusalimia.” Kwetu salamu ya mutu haikataliwi. Sharti aitike: “Aksanti, nimepokea.” Kesho tena. Ikafika nikigonga tu, kinywa changu bado kimefungwa, maji yake yanamwagika.

Denise, muke yake, akaniomba: “Koko, umwache, hakuli tena.”

Nikamujibu: “Umupikie vizuri. Nataka awe na nguvu ya kuitika.”

Jumapili ile ingine Constant akaja mwenyewe, akaketi kwenye mukeka wangu. Hapo nikageuka mwalimu wa kwanza: nikanyamaza. Akasema utoto wake, woga wake, wivu wake juu ya ngombe za Edouard. Nilinyamaza mpaka akafika pahali penyewe walipomufukia, nyuma ya tanuru ya matofali. Tulichimba. Nilimutambua mutoto wangu kwa mukaba wa suruali yake. Tumemuzika karibu na muzee wake. Matanga inakungoja weye, mutoto wa kwanza, uje tunyoe nywele, tuimalize.

Constant aliomba musamaha. Nilimwambia nimesikia. Kesho yake nikaenda kwenye bomba, nikagonga bidon.

Akasema: “Koko, si nimesema yote?”

“Umesema. Ndiyo maana leo salamu inatoka kwenye kaburi yake.”

Akaitika.

Kwa hiyo walimu wako waache kugombana, wote wawili wamenitumikia vizuri.

Mudogo wako Arlette na mama yako wanakusalimia. Usalimie Mumbere, rafiki yako wa chumba. Mungu akutangulie njiani, akurudishe na mwili muzima. Constant umwache, huyo ni wangu.

Ni miye Koko Emerance, bibi yako wa kwanza, anayekupenda kupita hao wote watakaokuja.