Mama Nyaguthii Wawili, Hema Moja

Jumapili. Skuta, Nyeri.

Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya Julai inayofanya hata maji ya mfereji yaume meno. Sikwenda kanisani. Nimekaa jikoni na kikombe cha uji, nina furaha na nina aibu, na sijui nianze na ipi.

Tulimzika Baba Ijumaa, nyumbani Chaka.

Kwa wasiomjua: Baba aliendesha malori ya jeshi miaka kumi na tisa, na safari moja akatumwa ng'ambo kulinda amani katika nchi ambayo hakupenda kuizungumzia. Alipotoka jeshini akawa dereva wa masafa marefu, Mombasa hadi Malaba, na mara nyingine hadi Kampala. Madereva wenzake walimwita Sajini. Alinyoa ndevu kila asubuhi hata akiwa amelala ndani ya lori. Akikuta mawe yaliyoachwa barabarani na dereva aliyeharibikiwa na gari, alisimama, akashuka, akayatupa kando moja moja. Niliwahi kusafiri naye nikiwa msichana, na kabla hatujafika Nakuru tulikuwa tumesimama mara nne. Nilinuna njia nzima.

Sasa, dereva wa masafa marefu huzikwa kwa wasiwasi. Kwetu kila mtu ana hadithi ya mazishi ya dereva ambapo mke wa pili alijitokeza na watoto wake kabla jeneza halijashushwa. Baba mdogo, Anko Ndirangu, ni mzee wa kanisa na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Alilisema waziwazi mkutanoni: tuweke vijana wawili langoni, na mgeni yeyote asiyejulikana akae hema la nyuma, wala asipewe maiki.

Nilikubali. Tena mimi ndiye niliyewaita wale vijana nikawapa maagizo.

Ijumaa mlima ulikuwa wazi, mweupe juu. Malori yalijipanga kutoka lango letu mpaka kwenye lami. Wanajeshi wastaafu walikuja na kofia zao, migongo imenyooka kuliko ya vijana wetu. Niliona fahari, sitaficha. Nilijiambia, leo Baba anazikwa kama mtu.

Kisha kijana mmoja wa langoni akanijia mbio na kuninong'oneza kwamba kuna mama amefika na msichana wake na shada la maua, na anasema anaitwa Mama Nyaguthii.

"Huyo ni mama yangu," nikamwambia.

"Si huyo. Ni mwingine. Ametoka Webuye. Na huyo msichana ndio Nyaguthii."

Nyaguthii ni mimi.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Nyaguthii alikuwa nyanya yangu. Na mwanamume akiwa na wake wawili, kila nyumba humlea Nyaguthii wake. Hakuna Mgikuyu ambaye angesikia jina hilo kwa msichana wa Webuye asipige hesabu niliyoipiga mimi, na akapata jibu lile lile.

Nikasema waketishwe nyuma kabisa. Halafu nikaitazama picha ya Baba juu ya jeneza, na moyoni nikamwita mnafiki. Nayaandika haya ili nisije siku moja nikajidanganya kwamba sikusema hivyo.

Ibada ikaenda vizuri. Wanajeshi wakamsifu, madereva wakamsifu. Ikafika zamu ya maua, na mshereheshaji akaita watoto wa marehemu. Tukasimama watatu, mimi na ndugu zangu wawili. Na kule nyuma yule msichana naye akasimama, akaanza kuja na shada lake mkononi.

Minong'ono ikapita hema kwa hema. Anko Ndirangu alichukua maiki.

"Tunaomba wale hawako kwa programu wakae chini, tafadhali."

Msichana akasimama katikati ya nyasi, watu wote wakimtazama. Mama yake akainuka. Hakuwa na maiki, lakini sauti yake ilifika.

"Mimi ni Mama Nyaguthii wa Webuye. Tumetoka mbali. Tunaomba tu dakika mbili."

Nilimgeukia Mama. Alikuwa ameketi mbele, shuka magotini, na usoni niliona wazi kwamba hakuwa anamjua huyu mwanamke. Hakuwa na siri aliyotuficha. Alikuwa gizani kama sisi. Anko akainama amnong'oneze, lakini Mama alikuwa tayari amesimama.

"Ndirangu, patia huyo mama maiki. Nimeishi na huyu mzee miaka thelathini na nane. Kama ni aibu, itakuwa yangu, si yako."

Nilitamani ardhi inimeze kabla ya Baba.

Mwanamke alichukua maiki. Alisema ilikuwa asubuhi ya mvua, miaka ishirini na minne iliyopita, yeye na mama mkwe wake wamesimama kando ya barabara kuu, uchungu umemshika na daraja la kwenda zahanati limesombwa. Magari yalipita tu. Malori yalipita. Lori moja likasimama. Dereva akashuka, akamtazama mara moja, akambeba mpaka juu kwenye kitanda kilicho nyuma ya kiti.

Hawakufika hospitali. Mtoto alizaliwa ndani ya lori. Baba yangu, ambaye jeshini alikuwa amefundishwa huduma ya kwanza, alichomoa kamba ya buti lake, akaitumbukiza katika chupa ya chai iliyokuwa na maji moto, na ndiyo iliyofunga kitovu. Kisha akawapeleka hospitali, akakaa nao mpaka jioni.

"Alinishikia mtoto akilia," yule mama alisema. "Si mtoto alikuwa analia, ni yeye. Tukamwambia atoe jina. Akasema Nyaguthii, jina ya mama yake, ati ni mtu wa safari. Mzee wangu alikubali. Mtu akikuokolea mtoto, utamnyima jina? Na kila akipita kwetu alikuwa anatushushia mchele ya Mwea."

Mama hakuketi.

"Huyo mtoto, mlimfunika na nini?"

"Kitambaa ya kushona na mkono. Ilikuwa kwa kitanda ya lori. Kijani na nyeupe. Tulimbebea na hiyo mpaka ikaisha."

Mama aliweka mkono kinywani. Ndugu zangu nao wakaniangalia, kwa sababu sote tulikijua hicho kitambaa. Mama alikishona miezi mitatu, na Baba alirudi nyumbani bila kitambaa, akasema kimeibiwa Malaba. Mama hakumwamini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipomsikia akimwambia kwamba anajua fika kimemfunika mwanamke gani. Ugomvi huo ulifufuka kila Krismasi.

"Kwa nini hakuniambia?" Mama aliuliza.

"Mama, aliogopa. Alisema hiyo kitambaa ulishona ukiumwa na macho."

Mtu aliyekwenda ng'ambo kukabili risasi alimwogopa mke wake kwa sababu ya kitambaa! Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Baba ilifika Webuye na kurudi, miaka ishirini na minne.

Mama alicheka. Alicheka mpaka machozi, akaacha fimbo yake ya kutembelea, akamfuata yule msichana pale kwenye nyasi na kumshika mashavu. Kisha akainua uso akapiga ngemi, vile vigelegele vya wanawake wetu mtoto anapozaliwa. Sijawahi kusikia ngemi karibu na kaburi. Wa kiume hupigiwa tano, wa kike tatu. Kufikia ya pili wanawake wote wa hema la mbele walikuwa wamesimama wanaitikia, na ya tatu ikapokelewa na honi za malori barabarani, moja baada ya nyingine, mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia.

Anko Ndirangu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Halafu akapokea maiki kwa mgeni, akamrudishia mshereheshaji na kumwambia arudie. Watoto wa marehemu wakaitwa tena. Tulienda wanne.

Nilimpa Baba heshima zake nikiwa nimemshika mkono msichana mwenye jina langu, na sikuwahi kujivunia kuwa mtoto wa dereva kama dakika ile.

Lakini Mama, aliyemshuku Baba miaka yote hiyo, alimpa yule mgeni maiki kabla ya ushahidi wowote, mbele ya kijiji kizima. Mimi nilimhukumu Baba kwa jina tu. Nimejiuliza tangu Ijumaa: kwa nini nilikuwa mwepesi hivyo wa kuamini baya la mtu aliyenilea?

Jana Nyaguthii aliniandikia kwamba wamefika salama. Sikumjibu. Ningemjibuje bila kumwambia? Asubuhi hii nimeandika, nikafuta, nikaandika tena: "Ni mimi niliyesema mketishwe nyuma. Nisamehe." Nikatuma kabla ujasiri haujapoa.

Jibu limeingia sasa hivi.

"Najua, dada. Mama yako alituambia, alisikia kwa vijana wa lango. Akasema tusikuulize, tukungoje. Ati wewe ni kama baba yako, unachelewanga lakini unafikanga."