Maji ya Punda

Jumanne, 2 Septemba

Amekuja. Ludovick mwenyewe — hapa Gulwe, kwetu! Ameshuka kwenye bodaboda na boksi la chupa na kofia mpya yenye nembo ya wafadhili. Nilikuwa natoka korongoni na ndoo kichwani. Akaniona. Akacheka. "Shemeji! Umekua!"

Shemeji. Anathubutu.

Naandika ili nisipasuke. Utafiti huu wa maji aliokuja kuufanya ni wa dada Priska. Yeye ndiye aliyekaa likizo nzima hapa akiwauliza kina bibi kuhusu visima vya mchangani, jinsi watu wanavyopata maji mto ukikauka. Yeye ndiye aliyeandika andiko la kuombea masomo ya masta, mambo ya maji na mazingira, ya kulipiwa kila kitu. Akampa Ludovick alisome kwa sababu ni mchumba wake, posa imeshaletwa, baba ameshakubali. Amrekebishie Kiingereza tu! Naye akabadilisha kichwa cha habari na jina la mwenye kazi, akawahi kupeleka. Nafasi ilikuwa moja. Akapata yeye. Priska akaambiwa andiko lake linafanana mno na la mwombaji mwingine.

Posa tukairudisha. Ludovick yuko chuoni. Priska na digrii yake anapepeta karanga kwenye genge la mama mdogo, Majengo. Hasemi kitu. Anakonda tu.

Kama Priska hasemi, mimi nitasema nini? Mimi ambaye mwalimu akinitaja jina darasani naona giza. Lakini Mungu anisamehe, nataka aumie.

Alhamisi, 4 Septemba

Hajui Kigogo hata cha salamu. Leo kuna mtu kamwambia "mbukwa", yeye akajibu "asante". Na bibi zetu hapa Kiswahili chao ni cha kununulia chumvi dukani. Anahitaji mkalimani. Mtendaji wa kijiji, Bwana Obedi, kamtajia mimi: kamaliza kidato cha sita, anasubiri chuo, ana adabu, haongei ovyo.

Bibi yetu Raheli akatema mate. "Ukimfanyia kazi yule, ukale hukohuko kwake."

Nikasema nitaenda. Bibi akanitazama sana. Sikumweleza. Hata mimi sikuwa na mpango. Nilijua tu kwamba kuanzia kesho, kila neno litakalomfikia yule mtu litapita kwanza mdomoni kwangu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimefanya!

Tulikuwa korongoni alfajiri. Kila nyumba ina kisima chake kwenye mchanga, kimezungushiwa miiba. Hapa hata mtoto anajua: maji yaliyolala hayanywewi. Usiku huingia vyura, mbuzi hupenya, kila kitu. Asubuhi unayakomba yote kwa kata, unawapa punda, halafu unakaa chini ukisubiri mchanga utoe maji mapya. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Ludovick alitaka kufika kabla watu hawajachota. Alisema anahitaji maji "ambayo hayajaguswa". Akachuchumaa kwenye kisima cha mama Lea, jirani yetu, akazamisha chupa yake safi kwenye maji yaliyolala. Kina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Lea akaniambia kwa Kigogo: mwambie huyo kijana hayo ni ya punda, au kwao wanakunywa chombo kimoja na punda?

"Wanasemaje?"

"Wanakukaribisha."

"Waambie nashukuru. Waulize, haya ndiyo maji wanayokunywa?"

Nikawauliza kweli. Wakapiga kelele: hapana, nani anywe hayo! Nikamgeukia, macho chini kama kawaida yangu.

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo ya kunywa."

Akaandika. Akafunga chupa kwenye barafu, akakimbilia bodaboda awahi gari la Dodoma kabla sampuli hazijapata joto. Hata hakubaki kuona kata zikishuka.

Sauti yangu haikutetemeka. Sijui niliitoa wapi.

Jumatano, 10 Septemba

Vivyo hivyo. Kisima kwa kisima. Kina mama wameshamzoea, wanamwita "mume wa punda". Yeye anawapungia mkono. Nikiwaambia kwamba nimeshamweleza, wanasema basi ndivyo wasomi walivyo, ana kazi yake na hayo maji.

Leo akaniambia, "Wewe ni mtoto mzuri, shemeji. Dada yako angekuwa na moyo kama wako tungekuwa mbali. Priska ana hasira sana."

Nilimpa chupa nyingine.

Jumapili, 14 Septemba

Alinisubiri nje ya kanisa. Majibu ya maabara yametoka. Furaha aliyokuwa nayo! "Vijidudu vya kinyesi, shemeji, vimejaa! Hii ni makala kubwa. Hii itanifikisha ng'ambo."

Yaani anaamini kwamba Bibi Raheli anakunywa kinyesi kila siku, na anacheka. Hakusema hata "poleni". Hakuuliza kama kuna mtoto anayeumwa.

Nilikuwa nimeanza kumwonea huruma kidogo. Imekwisha. Na apande tu. Aitangaze kila mahali, asimame mbele ya watu na suti yake. Nataka aanguke kutoka juu kabisa, na wote wawe wanamtazama.

Alhamisi, 18 Septemba

Priska amepiga simu. Mwanzoni sikuitambua sauti — ilikuwa na uhai!

Profesa Miriam Wambura, mkuu wa mradi, amempigia. Wafadhili wameongeza nafasi ya pili ya masta, na profesa alikuwa analikumbuka andiko lake. Nafasi ni yake. Ila kwanza kazi ya awali, hii ya Gulwe, lazima ikubalike. Isipokubalika, wafadhili wanafunga mradi mzima. Na profesa hayaamini majibu ya Ludovick. Anasema watu wanaokunywa maji ya namna hiyo wangekuwa wamejaa zahanati. Jumamosi anakuja mwenyewe kuona. Priska anakuja naye.

"Mdogo wangu Zipo, nimeacha genge! Mama mdogo kanikumbatia mbele ya wateja!" Kisha akatulia. "Hivi huko ni nani anayemtafsiria yule mtu?"

Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata.

Sijala.

Jumamosi, 20 Septemba

Niko nyuma ya jiko la bibi. Naandika juu ya goti.

Wamekuja. Profesa kavua viatu, kashuka mchangani kama mtu wa hapa. Akaonyesha maji yaliyolala, akaniambia niwaulize kina mama kama hayo ndiyo wanayokunywa. Mama Lea hakungoja niulize, kidole cha profesa kilimtosha. Akasema kwa sauti, kwa Kigogo: hayo ni ya punda! Tumemwambia binti huyu kila siku, na kila siku anasema ameshamwambia bwana wake!

Kina mama wote wakacheka. Ludovick naye akacheka, asiyejua lolote.

Priska hakucheka. Yeye Kigogo anakijua kuliko mimi.

"Anasemaje?" profesa akaniuliza.

Nikamtazama dada yangu. Neno moja kutoka kwake lingemaliza yote. Akakunja mikono, akanitazama tu. Nikasema, "Anasema jua limekuwa kali, twende kwanza nyumbani mkanywe chai." Uongo mwingine! Profesa akakubali.

Sasa wamekaa uani. Nikisema ukweli, maji yatachotwa upya, na Ludovick anatoka msafi. Mwizi yule! Atatikisa kichwa, atasikitika, mwongo nitakuwa mimi, mdogo wake Priska. Nikinyamaza anaanguka, leo, mbele ya macho yangu, kama nilivyoomba — na nafasi ya Priska inaanguka naye.

Bado nataka aanguke. Hata sasa. Nitamdanganya nani humu.

Namsikia Ludovick akijitetea. "Profesa, mimi nilirekodi nilichoambiwa. Muulize shemeji. Huyu binti ni mkweli sana."

Priska amekuja mpaka kwenye kona ya jiko. Hakuingia. Amesema kwa Kigogo, polepole, wale wengine wasielewe:

"Utasema wewe. Mimi sitakutafsiria."

Amerudi kukaa. Profesa ananiita. Wameacha hata kunywa chai, wananingoja. Nafunga daftari; natoka.