Usisimame Kunipokea

Mama, umeamkaje huko Sirisia? Hapa Kitale baridi inauma masikio, lakini chai ya mafunzo yetu ni maziwa matupu, bana!

Jana mwalimu wetu, daktari bingwa wa neva, alituuliza huwa tunapimaje presha. Madaktari wote tukajibu: mgonjwa akiwa ameketi. Akacheka, akamwita Mama Nafula, mpishi wa hiyo chai, akamlaza kwenye benchi. Presha ilikuwa sawa. Akamsimamisha, tukangoja dakika tatu. Ikaporomoka, naye Mama Nafula akayumba, akanishika bega.

"Si mmeona?" akasema. "Na kanisani nikianguka wanasema ati nina mapepo!"

Nikakukumbuka wewe, Mama, unavyoanguka ukiinuka kuimba. Nimekupima mara ngapi ukiwa umeketi, nikakwambia ni njaa ya kufunga? Nilikosea. Huenda neva zako zinachelewa kupandisha damu kichwani ukisimama, na sasa najua pa kuanzia.

Nakuja Jumamosi na mashine ya presha. Najua ukisikia geti utaruka kitini, maana kwako mgeni hasalimiwi na mtu aliyeketi. Safari hii nikukute umelala. Nitainama mimi.

Mwanao akupendaye,
Nasimiyu