Umri wa Mbwa Aitwaye Tutaona

Kitale,
Jumapili, baada ya ibada.

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka upande wa pili wa nchi, mahali ambapo mahindi yamenipita kimo na asubuhi navaa sweta mbili. Goti lako limekubali kushuka mlima bila kulalamika? Na Mama, ameacha kujitwika ndoo kama daktari alivyomsihi, au bado anamwitikia tu na kuendelea? Mimi ni mzima, nimenenepa, na sijakamatwa na mtu yeyote. Hilo naliweka mbele kwa sababu najua ndilo swali lako la kwanza tangu ule mgomo wetu wa chuoni Bungoma.

Naandika badala ya kupiga simu kwa kuwa wewe mwenyewe ulisema kwamba kwenye simu napayuka na kwenye karatasi nafikiri. Basi leo nimefikiri, Baba, na nina kesi ya kukusimulia.

Unajua kwamba kwa miezi hii ya mafunzo ya kazi naishi hapa Kitale kwa Mama Nekesa, yule mjane mstaafu wa ofisi ya kilimo. Ana mbwa mmoja wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala, jina lake Tutaona. Huku wapo watu wanaompa mbwa jina ili jirani alisikie. Mama Nekesa alipoanza kujenga, jirani mmoja alitangaza kuwa nyumba ya mwanamke aliye peke yake haitafika kwenye linta, pale juu ya madirisha. Siku hiyohiyo akamwita mbwa wake Tutaona, na kila jioni akawa anasimama uani kumwita kwa sauti. Nyumba ilifika kwenye linta, ikafika kwenye mabati. Jirani alihama. Mbwa akabaki na jina lake.

Mwezi uliopita Tutaona alipenya kwenye lango letu bovu, akagongwa na bodaboda. Mguu wa nyuma ukavunjika. Daktari wa mifugo alimfunga plasta, na Mama Nekesa, ambaye hakutoa chozi hata kwenye ibada ya kumkumbuka mumewe, alikaa chini kwenye saruji akalia huku amemshika kichwa. Kumbe tangu watoto wahamie Nairobi, huyo ndiye anayemsikiliza akisoma Zaburi.

Wiki iliyofuata akaja Simiyu, kijana wa tai na viatu vya matope, wakala aliyewahi kumwandikia Mama Nekesa bima ya ng'ombe. Sasa kampuni yake ina bima ya mbwa: ajali, upasuaji, wizi, hata fidia kwa mtu aliyeng'atwa.

Nikasimama, Baba. Unanijua.

"Bwana Simiyu, ninyi mnavuna hofu! Mnangoja mjane alie ndipo mfike na fomu! Mkulima huyu hana bima ya mahindi yake, hana soko la uhakika la maziwa yake, na leo mnamletea bima ya mbwa? Hii ni biashara au ni dhihaka?"

Simiyu akanitazama kwa huruma. "Madam, si ungemaliza chai kwanza."

"Mwache," akasema Mama Nekesa. "Huyu Mtaita wangu ni kama kisiagi, hanyamazi mpaka mahindi yaishe." Kisha akanigeukia. "Wakesho, mwaka jana ulipolazwa na malaria, nani alilipa?"

"Bima ya chuo," nikajibu kwa sauti ndogo.

"Na mlipogoma, mligomea nini?"

"Chuo kilitaka kuiondoa."

"Haya. Kaa chini unisomee fomu."

Nikakaa, nikasoma. Na mimi nikihama upande, nahama na vyombo vyangu vyote. Nilisoma kila kifungu, hata yale maandishi madogo ya nyuma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoshawishika. Pikipiki zinapita langoni petu kutwa. Kwa mtu wa pensheni, kidogo cha kila mwezi ni chepesi kuliko bili ya ghafla ya upasuaji. Nilikuwa tayari kumhutubia Simiyu mwenyewe juu ya uzuri wa bima yake nilipofika kwenye kifungu cha tisa: mbwa aliyezidi miaka minane hapokelewi.

"Tutaona ana miaka mingapi?" nikauliza.

Mama Nekesa akafumba macho. "Nilipewa Matulo, nyumbani kwa kaka yangu, siku kijana wake alipotahiriwa."

"Kijana yupi, auntie?" akauliza Simiyu.

Hapo ndipo penye tatizo. Wabukusu, watu wa kina Mama Nekesa, hufanya sherehe hiyo ya tohara mwaka mmoja, wakauruka unaofuata, na mambo mengi ya ukoo hukumbukwa kwa kuhesabu sherehe hizo. Kaka yake ana vijana wawili waliofuatana. Kama mbwa alitolewa siku ya Masinde, ana miaka saba. Kama ni siku ya Wanyonyi, ana tisa.

Simiyu akacheka. "Ah, andikeni saba, bana. Kwani mbwa ana kitambulisho?"

Sasa niache nikuungamie jambo. Mimi, niliyesimama mbele ya chuo kizima nikadai mweka hazina wetu ajiuzulu kwa sababu ya risiti moja ya uongo, nilichukua kalamu. Tutaona alikuwa ameulaza ule mguu mweupe juu ya kiatu changu, na kwa kweli saba niliiona namba nzuri sana. Nilikuwa nimekwisha kuchora ule mstari wake wa juu.

Mama Nekesa akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapana. Siku akiumia wataniuliza, na mimi siwezi kudanganya huku nimemshika mbwa. Jumamosi twende Matulo tuulize."

Tukaenda, Mama Nekesa mbele kwenye pikapu ya muuza vitunguu, mimi na mgonjwa nyuma. Kaka yake, Mzee Wafula, hakuhitaji hata kufikiri. "Ilikuwa siku ya Masinde."

"Masinde gani!" mkewe akamkatiza kutoka jikoni. "Siku ya Masinde mvua ilinyesha, tukapikia ndani. Huyu mbwa aliiba firigisi ya kaka yako mkubwa uani, siku ya Wanyonyi, wageni wote wakitazama."

"Firigisi ililiwa na paka."

"Ati paka! Tulikuwa na paka hapa lini?"

Kesi ingefika usiku kama Wanyonyi, ambaye sasa ni mwalimu, hangetoka chumbani na picha yake ya siku ile. Amesimama amepakwa matope ya tohara mwili mzima, macho makali kama simba. Na kando ya mguu wake, mbwa mdogo, sikio moja juu, jingine chini, ana kitu mdomoni.

"Firigisi!" mke wa Mzee Wafula akapiga kelele, na Mzee Wafula akacheka mpaka akashika ukuta.

Tisa, Baba. Nilimtazama Mama Nekesa nikitafuta maneno ya kumfariji. Lakini yeye alikuwa ameduwaa, anatazama nyuma ya jiko. Alikuwa anakuja mbwa jike mzee, mdomo mweupe kabisa, anatembea polepole kama mtu anayetoka kupiga kura, sikio moja limesimama.

"Si huyo ni mama yake?" akauliza. "Bado yuko?"

"Yuko," akasema Wanyonyi. "Na ugali anamaliza kuliko mimi."

Yule mbwa mzee akamnusa Tutaona kuanzia pua hadi mkia, kisha akaanza kuilamba plasta. Mama Nekesa akapiga vigelegele kama yuko harusini, na njia nzima ya kurudi Kitale nilimsikia akiimba kule mbele.

Simiyu alipokuja Jumatatu, Mama Nekesa alimpokea langoni. "Ana tisa. Na mama yake yu hai!" Alitamka kama mtu anayetangaza mjukuu. Pesa aliyotenga kwa bima akamwitia fundi, na sasa lango lina komeo na hata kuku hapenyi. Simiyu mwenyewe alilishikilia wakati linachomelewa, akanywa chai, akaondoka na namba ya Mzee Wafula, mwenye ng'ombe watatu wasio na bima. Ukiniuliza kama bima ya mbwa inafaa, nitakujibu kwamba kwa mbwa mchanga anayeishi kando ya barabara, ndiyo, mradi usome maandishi madogo. Kwa Tutaona, lilifaa lango.

Sasa nakuja kwako, Baba. Katika simu zako tatu za mwisho umenieleza habari za kila kiumbe hapo nyumbani, hata kuku anayetaga kwenye kikapu cha Mama. Bosi, mbwa wetu mzee, hukumtaja. Nilipoondoka alikuwa ameanza kushindwa kupanda ile ngazi ya mlango wa jikoni. Nadhani wewe nawe umeshika kalamu na unaniandikia saba. Niandikie tisa, Baba. Nimejifunza kuipokea. Na kama bado yupo, na leo naamini sana kwamba yupo, mkune nyuma ya sikio umwambie nitafika Disemba.

Nisalimie Bibi, mlinzi wa funguo zote. Kaka Mwadime, fundi wa pikipiki, naye awasihi wateja wake waende polepole. Na Shangazi Mghoi wa mboga, asiyeshindwa mjadala hata na mimi. Mama mpe mkono, kisha umpokonye ndoo.

Ni mimi binti yako, niliyehama na vyombo vyote,
Wakesho