Fahali Wako Yuko Ukurasa wa Tano

Kaka yangu, shikamoo.

Huku wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo, mtoto ameota jino.

Siku hizi kazini nahesabu makala za utafiti kuhusu ule ugonjwa wa virusi uliomaliza ng'ombe wako, wa mapele ya ngozi: mwaka gani zilitoka ngapi, na ipi inanukuliwa zaidi na watafiti wengine. Nimefika elfu moja na mia tatu. Mkuu wangu anachekelea grafu. "Unaona inavyopanda?"

Jana nikafungua makala inayoongoza kwa kunukuliwa. Ni yake mwenyewe. Ukurasa wa tano nikakutana na picha ya fahali wako, yule wa pembe moja! Chini yake wameandika: zizi moja, ng'ombe kumi na wanne, damu ilichukuliwa Machi, wawili wakakutwa na virusi wiki hiyo hiyo.

Wawili tu, kaka! Ungewatenga, ungechanja waliobaki. Wewe ulianza kuzika Mei.

Nikamuuliza mkuu kwa nini mwenye zizi hakuambiwa. Hata hakuinua macho. "Matokeo hayatolewi kabla ya kuchapishwa. Wewe mgeni hapa?" Nusura nimrushie kompyuta.

Ng'ombe wako wamenukuliwa mara mia mbili na sita. Wewe hukupigiwa simu hata mara moja.

Na usinijibu kwamba yameshapita.

Ni mimi mdogo wako, niliyekusihi uwafungulie zizi wale waliokuja kuchukua damu, kwa kuwa ni watu wa kazini kwetu.