Nyoka Aliyeitika Salamu ya Bibi

Maskati, 18 Oktoba 1970

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Leo nnakuahidi kukueleza yote, hata pale nilipokosa adabu, ili usije ukayasikia kwa mtu mwengine. Sisi sote wazima. Mama kikohozi kimempungua, na mdogo wangu Rukia sasa anasema sana na kila kitu anataka kufanya mwenyewe. Je, mguu wako unaendeleaje huko Unguja, na nani anakupikia?

Baba, Jumanne asubuhi nyoka aliingia ndani. Mama alikuwa kisimani. Mimi nilikwenda kuchota maji mtungini, nikamwona nyuma yake, kwenye mchanga uliorowa, amejikunja. Nikamwita Bibi. Unamjua mama yako: hakutafuta fimbo, alitafuta chetezo. Akatia ubani, akakaa mbali kidogo, akamsalimia nyoka kama alivyokuwa akifanya kwetu Unguja, kisha akampa siku tatu ahame kwa amani ikiwa ni jini, mkaazi wa nyumba. Nyoka akatoa sauti kama samaki anapotiwa kwenye mafuta ya moto.

"Umesikia?" akasema Bibi. "Kaitika."

Mimi nikafanya ulivyonifunza, kutazama kwanza ndipo niseme. Hakuwa mrefu, hata dhiraa hafiki. Rangi yake ya mchanga, na ubavuni ana mstari mweupe uliopinda-pinda. Kichwa kipana, shingo nyembamba. Lakini mdomo alikuwa ameufumba, Baba. Kilichokuwa kikilia ni magamba: amejikunja pindi kando ya pindi, na pindi zinasuguana kama msasa juu ya ubao. Nikamwambia Bibi kwamba huyu hakujibu, anatuonya. Akaniuliza tangu lini mtoto akamsahihisha mtu mzima, akasema siku tatu ni siku tatu.

Siku tatu, na Rukia kila saa huenda mtungini kunywa maji kwa kata yake.

Hapo ndipo nilipokosa. Nilimbeba Rukia nikatoka bila ruhusa, nikaenda kwa jirani yetu Bi Moza, mtu mzima aliyezaliwa hapahapa, ambaye huokota kuni bondeni. Kiarabu changu bado kizito, basi nikasugua viganja vyangu taratibu, nikatoa na ile sauti. Hakungoja nimalize. Alichukua gongo akaja.

Alimpa Bibi salamu zote kwanza, akamuulizia hata usingizi. Kisha akamtazama nyoka, akasema kwa upole, "Huyu si mkaazi wa nyumba, dada yangu. Huyu ni wa bondeni, kapotea njia. Mdogo wangu aliumwa mguuni na nyoka kama huyu tukiokota kuni, na hizo siku tatu hakuzimaliza."

Bibi akachukua chetezo chake, akasogea kando. Bi Moza akapiga mara mbili.

Kwa siku tatu Bibi hakusema nami ila "leta" na "weka". Jana nilikuwa nnachagua mchele, akaja akakaa karibu, akaniuliza nani alinifunza kumtazama nyoka mdomo. Nikamwambia ni wewe. Akacheka kidogo. "Na yeye udogoni alikuwa mkaidi vivyo hivyo," akasema.

Sasa Baba, nililolikusudia. Wanasema skuli ya wasichana inafunguliwa, na Bi Moza atampeleka mjukuu wake. Njia inapita katika bonde lilelile, ndiyo sababu Bibi alikuwa akikataa. Jana mwenyewe kasema, "Njia sina neno nayo tena, nyoka unamjua. Lakini ruhusa ni ya baba yako." Nitavaa viatu, nitapita kwenye uwazi, sitatia mkono chini ya jiwe, na nikisikia mkwaruzo nitasimama. Mwaka wa pili huu sijakaa darasani. Kile kitabu cha hesabu ulichonipa nimeshakirudia mara tatu chote.

Mama anakusalimu, na Bibi anakuombea dua. Nisalimie shangazi anayetutunzia kuku wetu, na mwalimu wangu wa darasa la tano. Mwambie mwandiko sijauacha.

Mwanao akupendaye,
Salma

Majina yanaandikwa mpaka mwisho wa mwezi ujao, na barua huchelewa. Baba, je, niandikishwe?