Bitiruti ya Mama Stanojka

Zorka, kaa chini kwanza. Teodora hakupasuliwa!

Unajua alivyoisubiri siku ya leo ya kukatwa ngozi ya tumbo, miaka minne tangu mapacha wamwachie lile tumbo la kuning'inia. Kesho daktari anaanza likizo, harudi hadi Septemba. Na damu ilikuwa imepungua kidogo tu, daktari mwenyewe alisema haidhuru.

Haidhuru kwa daktari. Kwa mama mkwe wa Teodora, Stanojka, ni kama tulishamzika.

Asubuhi hospitalini wakampima mkojo. Mwekundu! Mwekundu kama mvinyo! Daktari akauliza, "Dada, unatoka damu wapi?"

Na Teodora alijua, Zorka! Alfajiri Stanojka alimnywesha juisi ya bitiruti, ile mizizi myekundu, lita nzima ya kuongeza damu, wakati amekatazwa hata maji. Akisema, hapasuliwi. Asiposema, hapasuliwi vilevile. Basi akajibu, "Mimi niko hivi tangu utotoni."

TANGU UTOTONI!

Stanojka, pembeni ya kitanda, akainuka kifua mbele. "Mwongo! Ni bitiruti yangu, nimeisaga mwenyewe!"

Daktari akaketi. "Mama, ningemtia usingizi na tumbo limejaa hivyo, angetapika, akapaliwa, tungempoteza. Umemwokoa kwa kusema. Tuonane Septemba."

Teodora akaangua kilio, tumbo limechorwa mistari ya kalamu kama ramani. Stanojka wala hana habari, anamkodolea macho daktari tu. "Na wewe mwanangu, mbona umepauka hivyo?" Akatoa chupa nyingine mkobani.

Zorka, daktari akanywa.